Redio Ndogo ya Mfukoni na Habari Zake

Natumaini mmekwisha kukaa, taa inawaka vizuri, na mwalimu wenu wa darasa amewagawia kurasa hizi ili mnifuate kwa macho huku mkinisikiliza. Asiyeweza kusoma haraka asione haya. Sitakimbia.

Leo sina mfalme wala vita vya kuwasimulia. Nina kitu kimoja hapa mezani. Sikilizeni.

(Sauti: kitu kidogo kinagonga meza. Swichi inafunguliwa. Mngurumo mdogo.)

Mmesikia? Hiyo ni redio. Urefu wake haupiti kiganja changu, na unene wake ni kama wa kipande cha sabuni ya kufulia kilichokwisha tumika siku mbili tatu. Ilitengenezwa Japani, zaidi ya miaka sitini iliyopita. Inanguruma tu kwa sababu vituo vingi vilivyokuwa katika masafa yake vimehamia kwingine, lakini ni nzima. Wako watu Marekani, Uingereza, Japani na penginepo ambao wakati wao wa mapumziko hutafuta redio kama hii, wakaisafisha, wakaitengeneza, wakaiweka kabatini. Wengine wanazo mia, wengine zaidi. Nilipoambiwa habari zao mara ya kwanza nilicheka. Mtu mzima anakusanya redio mbovu! Sasa sicheki tena, na kabla hatujaagana mtajua sababu.

Kwanza tuulize: kabla ya redio hii ndogo, watu walisikiliza nini? Walisikiliza redio za vali. Vali ni kama taa ya umeme: chupa ndogo ya kioo iliyofungwa, ndani yake mna uzi wa madini ambao sharti upate moto ndipo ifanye kazi. Redio moja huwa na vali nne, tano, au zaidi. Kwa hiyo redio ya vali ni kubwa, ina joto, ikianguka vioo huvunjika, na inakula umeme kama ng'ombe anavyokula majani. Mtu wa mjini mwenye umeme wa ukutani hakujali sana. Lakini mtu wa shamba afanyeje?

Mwaka 1949, katika nchi iliyoitwa wakati ule Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio iliyokusudiwa Waafrika wasio na umeme. Bwana Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari huko Lusaka, alikuwa ameihangaikia kwa muda mrefu. Kasha lake lilikuwa la alumini, la mviringo, lililotokana na sufuria ya kupikia, na kwa jina hilo hilo la sufuria redio ile ilijulikana. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake shilingi 25. Fanyeni hesabu. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, basi pauni 5 ni shilingi 100. Betri peke yake ilikuwa robo ya bei ya redio, nayo ilidumu saa 300 hivi, kisha mtu anunue nyingine. Hata hivyo watu waliinunua kwa wingi. Tazameni jinsi hamu ya kusikia habari ilivyokuwa kubwa.

Wakati huo huo, mbali na huko, jambo jingine lilikuwa limekwisha tokea. Mwezi wa Desemba mwaka 1947, katika maabara ya kampuni ya simu ya Bell huko New Jersey, Marekani, mabwana wawili, John Bardeen na Walter Brattain, walichukua kipande kidogo cha madini yaitwayo jemaniamu, wakayagusisha na dhahabu nyembamba mahali pawili karibu karibu, wakaona kwamba umeme mdogo unaoingia upande mmoja unatoka upande wa pili umekuzwa. Hakukuwa na chupa ya kioo wala uzi wa moto. Mkuu wao, William Shockley, aliendeleza fikra hiyo akabuni namna iliyo imara zaidi. Kitu hicho kikaitwa transista. Mwaka 1956 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Mngefikiri kwamba mara moja kila mtu alikimbilia kutengeneza redio. Sivyo. Transista za kwanza zilikuwa ghali, na nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na kasoro. Kazi yake ya kwanza sokoni ilikuwa katika vifaa vya kuwasaidia viziwi kusikia, mwishoni mwa mwaka 1952 na mwanzoni mwa 1953. Wakubwa wengi wa viwanda vya redio waliona vali zinawatosha.

Aliyewalazimisha kufumbua macho alikuwa Bwana Patrick Haggerty wa kampuni ya Texas Instruments, huko Texas. Kampuni yake ilitengeneza transista, naye alitaka ulimwengu uone faida yake. Aliwaendea watengenezaji wa redio, wakamkatalia. Mwishowe kampuni moja ndogo ya mji wa Indianapolis ikakubali. Tarehe 18 Oktoba 1954 wakatangaza redio iliyoitwa Regency TR-1. Ilikuwa na transista nne. Urefu wake inchi 5, upana wake inchi 3, unene wake inchi moja na robo. Bei yake ilikuwa dola 49 na senti 95, ambazo kwa thamani ya leo ni zaidi ya dola 500. Hiyo haikuwa bei ya mtu maskini. Tena betri yake ilikuwa ya namna ya pekee, ya volti 22 na nusu, nayo ilikwisha baada ya saa 20 hivi.

Watu waliinunua, tena waliigombea. Karibu redio 100,000 ziliuzwa katika mwaka wa kwanza. Bwana Thomas Watson mdogo, mkuu wa kampuni ya IBM inayotengeneza mashine za hesabu, alinunua zaidi ya mia moja. Mafundi wake walikuwa wakibisha kwamba transista hazitegemeki. Kila alipomsikia mmoja akibisha, alimpa redio moja akaisikilize nyumbani. Mimi naipenda sana hadithi hiyo. Si kila ubishi unaomalizwa kwa maneno.

Lakini kampuni iliyotengeneza redio hiyo haikupata faida kubwa, kwa sababu transista nne zilikula sehemu kubwa ya bei. Sasa tuvuke bahari twende Japani.

Mwaka 1946, mwaka mmoja baada ya Japani kushindwa vita, Bwana Masaru Ibuka na Bwana Akio Morita walianzisha kampuni ndogo katika mji wa Tokyo uliokuwa umeunguzwa na mabomu. Mwaka 1952 Ibuka alikwenda Marekani, akasikia kwamba ruhusa ya kutengeneza transista inauzwa. Bei yake ilikuwa dola 25,000. Kwa nchi iliyoshindwa vita, dola zilikuwa adimu kama mvua ya kiangazi, na serikali yao wenyewe iliwachelewesha kwa miezi mingi kabla ya kuwaruhusu kutoa fedha hizo. Wamarekani waliowauzia ruhusa waliwaambia kwamba transista itawafaa kwa vifaa vya viziwi. Wao hawakutaka vifaa vya viziwi. Walitaka redio.

Mwezi wa Agosti mwaka 1955 walitoa redio yao ya kwanza ya transista, TR-55. Mtaona kwamba Wamarekani walikuwa wamewatangulia kwa miezi kumi. Ndipo ikaja TR-63, mwezi wa Machi mwaka 1957, yenye transista sita, nayo iliwafungulia milango ya Marekani. Walitaka kusema kwamba inaingia katika mfuko wa shati. Kumbe ilizidi mfuko wa shati kwa kiasi kidogo! Walifanyaje? Morita mwenyewe alisimulia baadaye kwamba waliwashonea wauzaji wao mashati yenye mifuko mikubwa kidogo kuliko ya kawaida. Muuzaji anaitia redio mfukoni mbele ya mteja, mteja anasadiki. Ni hila, lakini ni hila ya kuchekesha.

Mwezi wa Januari mwaka 1958 kampuni hiyo ilibadili jina lake ikaitwa Sony. Mwezi huo huo, wezi walivunja ghala moja katika mji wa New York wakachukua redio 4,000 za kampuni hiyo. Ndani ya ghala hilo mlikuwa na redio za watengenezaji wengine, lakini wezi walizipita. Magazeti yaliandika habari hiyo, na watu wengi wa Marekani wakalisikia jina la Sony kwa mara ya kwanza kwa sababu ya wezi.

Tusisahau waliozifanya redio hizo kwa mikono yao. Katika viwanda vya Japani waliokaa kwenye meza ndefu wakiunganisha nyaya nyembamba kama nywele walikuwa hasa wasichana, wengi wametoka vijijini baada ya kumaliza shule. Wajapani waliwaita wasichana wa transista. Majina yao hayakuandikwa juu ya redio. Juu ya redio pameandikwa jina la kampuni na hesabu ya transista tu.

Na hapo juu ya hesabu hiyo natulie kidogo, kwa sababu ninyi mnajifunza kusoma. Miaka ya kwanza, redio yenye transista nyingi ilikuwa bora kuliko yenye chache. Wanunuzi wakajifunza kuitazama namba iliyoandikwa usoni: sita, saba, nane. Wauzaji wakaona wanunuzi wanatazama nini. Basi katika miaka ya 1960 zikaanza kutokea redio zilizoandikwa transista kumi, kumi na mbili, hata kumi na sita. Mkizifungua, mnakuta transista zile zipo, lakini nyingine zimechomelewa pale bila kazi yoyote. Zinahesabiwa, hazifanyi kitu. Ni kama kijiji kilichoandikisha wafu katika daftari ili kionekane kikubwa. Mkusanyaji mzoefu haamini namba ya usoni. Hufungua kifuniko kwa ukucha au sarafu, akafuata waya mmoja mmoja.

Zilikuwako pia redio zenye transista mbili tu, zilizoandikwa kwamba ni redio za watoto wa kiume. Je, zilikuwa za watoto? Ndiyo na hapana. Redio kamili zilikuwa na masharti na kodi zake katika biashara kati ya Japani na Marekani. Kitu cha kuchezea kilikuwa na masharti mepesi. Basi redio ikaitwa kitu cha kuchezea. Yaani maneno yaliandikwa kwa ajili ya karani wa forodha, wala si kwa ajili ya mtoto.

Sasa nawasomea uso wa redio yangu hii. Kwenye sahani ya namba, mahali penye 640 na mahali penye 1240, pana alama mbili ndogo za pembetatu. Kwa muda mrefu sikujua maana yake, nikidhani ni mapambo. Si mapambo. Ni hofu.

Wakati huo Marekani na Urusi zilikuwa zikitishana kwa mabomu ya atomiki. Wakubwa wa Marekani waliogopa kwamba ndege za adui zingefuata mawimbi ya redio za miji kama mtu afuataye sauti ya ngoma usiku. Basi wakapanga kwamba siku ya hatari vituo vyote vinyamaze, isipokuwa vichache vitakavyozungumza katika 640 na 1240, vikipokezana ili adui asijue sauti inatoka wapi. Tangu mwaka 1953 hadi 1963 redio zilizouzwa Marekani zilitakiwa kuwa na alama hizo, ili hata mtu aliyeshikwa na woga ajue mahali pa kugeuzia. Mpango ukafutwa mwaka 1963, na alama zikatoweka.

Sasa fikirini wenyewe. Redio ndogo za transista zilianza mwaka 1954. Alama zilikwisha mwaka 1963. Redio yenye pembetatu hizo, basi, ni ya miaka hiyo, na ilikusudiwa soko la Marekani. Kisicho na karatasi ya kuzaliwa kimekutajia umri wake. Lakini msipindue hoja: redio isiyo na alama si lazima iwe ya baadaye, maana zile zilizotengenezwa kwa ajili ya Afrika au Ulaya hazikuzihitaji.

Ndiyo maana wakusanyaji wengi wanapenda zaidi redio za miaka hiyo tisa au kumi. Sababu nyingine ni uzuri. Zilikuwa na rangi nyekundu, kijani, samawati, rangi ya maziwa, na nyingine zilichorwa kwa nyuma ya plastiki iliyo wazi, hata dhahabu inaonekana kama imezama majini. Redio ya Sony TR-610 ya mwaka 1958 iliigwa na watengenezaji wengi, na ukiishika unajua kwa nini. Mimi naona redio za baadaye, nyeusi zote, ni kama majeneza madogo. Haya ni maoni yangu, msiyaandike katika mtihani.

Wakusanyaji hao wana sheria zao. Wanataka kila kitu kiwe kama kilivyotoka dukani: skrubu ile ile, mfuko wa ngozi ule ule, hata sanduku la karatasi. Redio iliyotengenezwa na fundi kwa vipande vya redio nyingine hushuka bei. Hapo mimi na wao tunaachana.

Kwa nini? Kwa sababu huku kwetu redio haikukaa kabatini. Transista zilipofika Afrika Mashariki, mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, zilikuta watu wanasubiri. Sauti ya Dar es Salaam ilikuwa imekwisha anza, mwaka 1951, na Sauti ya Unguja mwaka huo huo. Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, na London mwaka 1957. Sasa mtu wa shamba aliweza kusikia watu wanaopingana, kisha akaamua mwenyewe. Hata masomo kama haya yetu yalipata njia. Mwaka 1973 Tanzania ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu karibu milioni mbili walikaa katika vikundi, redio katikati, wakisikiliza somo la afya na kulijadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Redio za siku hizo zilibadilishwa ili ziishi. Betri ndogo ya volti 9 ilikuwa ghali na ilikwisha upesi. Fundi alifanya hesabu ambayo nanyi mnaiweza. Jiwe moja la tochi lina volti moja na nusu. Mawe sita je? Moja na nusu mara sita ni tisa. Basi akayapanga mawe sita katika ubao au bati, akayafunga kwa mpira wa baisikeli, akapitisha waya mbili, na redio ya mfukoni ikatembea na mzigo mgongoni kama mama na mtoto. Mkusanyaji wa Marekani akiiona ataung'oa mzigo huo autupe. Mimi namsihi asiung'oe.

Nawaeleza sasa jambo langu mwenyewe. Shangazi yangu, huko Bukoba, alinunua redio ndogo ya Kijapani mwaka 1968 kwa fedha za kahawa. Hakujua kusoma hata namba moja. Lakini kila jioni aliipata Dar es Salaam, na akitaka alikwenda London, kisha akarudi, bila kukosea. Tulidhani anabahatisha. Alikuwa amekwaruza plastiki ya sahani kwa ncha ya sindano. Mstari mmoja mrefu ulikuwa Dar es Salaam, msalaba ulikuwa London, na nukta mbili zilikuwa Kampala. Alijiandikia maandishi yake mwenyewe.

Mwaka 1994 redio ile ilikuwa imenyamaza. Betri za zamani zilikuwa zimeachwa ndani, zikavuja, maji yake yakala nyaya mpaka zikawa unga wa kijani. Mimi nilikuwa kijana mwenye haraka. Mnunuzi wa vyuma chakavu alipopita nikaitia katika gunia pamoja na karai lililotoboka na pasi ya mkaa. Shangazi aliuliza mara moja iko wapi. Nilipomjibu, akasema, "Haya, mwanangu," akaendelea kuchagua maharage. Hakuiulizia tena.

Redio za namna ile nimekwisha ziona nyingi tangu siku hiyo, nyingine safi kama zimetoka dukani jana. Hakuna hata moja yenye mstari, msalaba na nukta mbili. Sasa mmejua kwa nini sicheki.

Kwa juma lijalo, mwalimu wa darasa awaulize ni nani mwenye redio ya zamani nyumbani, au kwa mzazi, au kwa jirani. Aombe ruhusa aje nayo. Tazameni kama ina pembetatu. Someni namba iliyoandikwa usoni, kisha fungueni mhesabu wenyewe. Angalieni kama kuna mikwaruzo ambayo kiwanda hakikuiweka. Halafu chukueni kipande cha karatasi, mwandike kwa mkono wenu: nani aliinunua, mwaka gani, kwa fedha zilizotoka wapi, fundi gani aliitengeneza, na ilisikilizwa na nani. Mkiwa na shaka ya mwaka, mwulizeni mwenye redio ilinunuliwa kabla au baada ya mavuno gani, au mtoto gani alikuwa mgongoni. Kikunjeni kipande hicho mkitie ndani ya mfuko wa redio, si ndani ya mashine.

Na kabla ya yote hayo, toeni betri.

(Sauti: kifuniko kinafunguka, betri inawekwa mezani. Mngurumo unakoma.)

Kwaherini mpaka juma lijalo.